Waya wa Manjano

Bi Zuwena, bei ni elfu ishirini,
na usiniambie nyaya tatu tu.
Kaa hapo juu ya tairi nikuhesabie.

Redio umekuja nayo ndani ya boksi lake, kutoka Darajani,
mpya, ina tundu la flashi na taa za buluu kama duka la simu,
na mkia wa nyaya zenye rangi zake:
mwekundu huamka na ufunguo,
mweusi hutafuta bodi,
wa manjano halali.
Kwenye karatasi, kazi ya dakika kumi.

Lakini Pijo yako haijasoma karatasi.
Nimefungua dashibodi, skrubu nne, ya tano haipo,
na ndani nyaya zote rangi moja,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Chumvi ya Wete haichagui.
Nyuma ya ile kaseti ya zamani nimetoa
karafuu kavu, konzi nzima,
kadi ya harusi ya Limbani, jina la bwana harusi limeliwa na mende,
na kitana kisicho na meno.
Vyako. Nimevitia koponi.

Halafu mikono. Ndiyo, mikono.
Fundi hufa, kifundo chake hubaki.
Hiki cha Faki wa Bopwe: anasokota kushoto, mbiombio,
kama anayewahi futari.
Hiki cha Makame, mtoto wa dresa, kafunga kwa plasta ya hospitali,
plasta imegeuka jivu.
Hiki sijui cha nani, na bora nisimjue:
waya wa taa ya breki kautia kwenye spika!
Ndiyo maana kila ukikanyaga breki
mtangazaji alikuwa akikohoa.

Saa nne umeme ukakatika mji mzima,
pasi ya lehemu ikapoa mkononi,
nikaenda kuipasha kwenye jiko la muuza mihogo.
Hiyo nayo ihesabu.
Bodi nimeikwangua kwa kisu:
rangi, kutu, rangi nyingine chini yake, kutu nyingine,
mpaka chuma kikacheka,
ndipo mweusi akapata pa kukaa.

Ukabaki wa manjano.
Bila umeme usiolala redio husahau.
Kila ukizima, saa inarudi sifuri,
stesheni zote hujazitafuta.
Nilitaka waya utokao betri moja kwa moja,
usiopita kwa ufunguo,
na gari ya umri huu, tundu hilo, haunao.

Taa yangu ya kupimia ikawaka.

Ufunguo uko mezani, mbele ya macho yangu,
na chini kabisa, pembeni, waya mmoja u hai.
Kifundo chake kimelala sawa kama ukili,
kimevishwa utepe wa kanga,
kikachovywa nta ya mshumaa.
Nikakuita. Nikasema, fundi huyu nani, nikamwamkie?

Ukatazama. Ukacheka, kiganja mdomoni.
"Mbarouk alikwenda Tanga na ufunguo mfukoni.
Wiki tatu. Redio ya ndani imekufa,
nami nikae nisisikie matangazo ya vifo?
Nilikuwa nimemtazama Faki akifunga, mara moja tu.
Nikafunga na mimi.
Mpaka anazikwa, maskini, alikuwa akiwalaumu wauza betri."

Sikukikata.
Wa manjano nimeufunga papo hapo, ubavuni mwa kifundo chako,
lehemu tone moja.
Nimezima, nimechomoa ufunguo, nimekwenda kuswali, nimerudi:
saa inakwenda.
Spika ya kushoto bado inakoroma penye kona,
lakini hiyo ni siku nyingine na pesa nyingine.

Basi, elfu ishirini.
Toa tano, ujira wako.

Na kwenye ule utepe, chini ya nta,
yamebaki maandishi nusu: MBE NI WE.
Nimeyazungushia tepu nyeusi.
Hayo hayakuwemo kwenye bei.